Wakisema "Raia Wapewe Bastola", Waulize Maswali Haya

Haya ni mazungumzo niliyotoa juzi kwenye kikao chetu cha wanafunzi. Wengi mliniomba niyaandike, basi nimeyaweka hapa. Kama kawaida ya uzi huu, hatutaji mwanasiasa wala chama.

Uhalifu ukizidi, hakosi mtu wa kupanda jukwaani na kusema, "Raia mwema abebe bastola ajilinde." Makofi. Mwingine anajibu, "Silaha zote za raia zichukuliwe." Makofi tena. Sasa tutulie kidogo, tuangalie wanabishania nini.

Kwanza sheria. Marekani, kumiliki silaha ni haki ya kikatiba. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu kule ilisema mtu ana haki ya kuweka bastola nyumbani ajilinde. Mwaka 2022 ikaongeza kwamba New York haiwezi kumdai mtu sababu maalum ndipo imruhusu kubeba. Uingereza ilienda njia nyingine kabisa. Baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa shuleni Dunblane, Scotland, mwaka 1996, mwaka uliofuata karibu bastola zote za raia zilipigwa marufuku, hata zile za mchezo wa kulenga shabaha.

Sisi tuko katikati. Katiba yetu ya 2010 haina haki ya kubeba silaha. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka uombe cheti, uonyeshe sababu nzuri, na uridhishe wakubwa kwamba unafaa kuaminiwa. Kwa hivyo mtu akikwambia "ni haki yangu", ujue ameazima hoja ya Marekani. Hapa ni ruhusa, na ruhusa huja na masharti.

Sasa masharti gani? Hapo ndipo nataka tuongee kuhusu rivolva, ile bastola yenye silinda inayozunguka. Wanaoipenda wana sababu zao. Ni rahisi kuielewa: risasi ikikataa kulipuka, unavuta tena, silinda inaleta nyingine. Ile ndogo ya risasi 5 inaingia mfukoni bila mtu kujua.

Lakini sikiza. Rivolva ndogo nyepesi inaweza kuwa na uzito usiofika nusu kilo, na kifyatulio chake mara nyingi kinahitaji nguvu inayokaribia kilo 5. Yaani unavuta kwa nguvu kuliko uzito wa kitu chenyewe, mara kadhaa! Mkono unayumba. Mtutu ni mfupi, kosa dogo la mkono linapeleka risasi mbali na shabaha. Na kwa sababu ni nyepesi, kila mlipuko unakurusha mkono kwa nguvu. Inauma, kwa hivyo wenye nayo wengi hawapendi kufanya mazoezi nayo.

Ile kubwa ya chuma ni kinyume. Ni nzito, imetulia, na ukiwa na ya risasi ndogo za .22, unaweza kushinda uwanjani ukilenga shabaha na ufurahie. Lakini kuibeba siku nzima chini ya shati? Utachoka. Ndiyo maana wanaojua mambo haya husema bastola rahisi kubeba ndiyo ngumu kupiga. Mtu huchagua ya kubeba, halafu anakaa mwaka mzima bila kufyatua hata risasi moja.

Hilo linatuhusu vipi mimi na wewe tusio na bastola? Fikiria ploti za mabati, vyumba kumi ukuta kwa ukuta. Mwenye cheti anaamshwa usiku, anaogopa, anafyatua, anakosa. Mabati hayazuii risasi. Inaenda kwa jirani aliyelala na watoto. Mwenye bastola alikuwa raia mwema kabisa, rekodi safi. Wema haulengi shabaha.

Nao upande wa "zichukuliwe zote" wana swali lao la kujibu. Mfanyabiashara anayebeba pesa, au mfugaji anayeishi mahali polisi wanachukua saa nyingi kufika, atalindwa na nani usiku huo? Ukimnyang'anya bila jibu, umemwacha peke yake.

Kwa hivyo mjadala ukianza tena, na utaanza, msikubali uishie kwa "ndiyo" na "hapana". Muulizeni anayetaka raia wabebe: mwenye cheti atapimwa shabaha mara ngapi, na nani? Akishindwa, atanyang'anywa? Ataiweka wapi akilala, mtoto asiifikie? Ikiibwa, atawajibika vipi? Risasi yake ikimpata jirani, nani atalipa? Na anayetaka zote zichukuliwe, mwambie ataje gari la polisi litafika kwa dakika ngapi, na bajeti yake iko wapi.

Atakayejibu kwa utulivu, mpe sikio. Atakayerudi kwenye kelele, usimpigie makofi, hata kama ni wa upande wako. Maswali yaleteni hapo chini, tujibizane kwa heshima.