Duka Lako Linafunguliwa Saa Ngapi?

Msikilizaji, mteja akikuta duka limefungwa leo, kesho anakwenda kwa jirani. Wenye maduka wa Mjimwema, Songea, wanalijua hilo.

Songea ina msimu mmoja mrefu wa mvua. Huanza Novemba au Desemba, hadi Aprili ama Mei. Miezi hiyo mkulima huondoka alfajiri, jembe begani. Anataka chumvi, kiberiti na vocha kabla ya kushika njia. Duka linalofunguliwa saa 3 limeshamkosa! Jioni anarudi, matope miguuni, anataka mafuta ya kula ya kupima na kipande cha sabuni. Hapo pia duka liwe wazi.

Mahindi yakivunwa, mambo hugeuka. Juni na Julai baridi ya Songea ni kali, na asubuhi watu huchelewa kutoka. Lakini mahindi yakishauzwa, fedha ipo. Mwenye duka anaweza kuchelewa kidogo kufungua, ila mchana asifunge.

Kwa hiyo saa zibadilike kwa msimu, siyo kila siku. Narudia: kwa msimu, siyo kila siku.

Ufanyeje? Wiki hii, andika kwenye daftari wateja wanakuja saa ngapi. Chagua saa unazoziweza kweli. Usijitwishe usiku wa manane. Ziandike kwa chaki mlangoni. Ukipata msiba au safari, mwachie mtu duka, au bandika karatasi useme utarudi lini.

Anza leo, msikilizaji. Na kesho fungua saa ile ile uliyoandika.