Vigawo na Vigawe: Hesabu za Darasani na Mbao za Seremala



Wazazi wengi wameniuliza, mtoto afundishwapo vigawo na vigawe, hupata faida gani? Mimi mwenyewe nilipokuwa shuleni nalichapwa kwa kuyachanganya maneno haya mawili, maana yametofautiana kwa herufi moja tu. Kigawo ni namba igawanyayo nyingine pasipo kubaki kitu: 4 ni kigawo cha 12. Kigawe ni namba ipatikanayo kwa kuzidisha: 12 ni kigawe cha 4.

Sasa sikilizeni habari za seremala mmoja ninayemfahamu. Aliagizwa vigoda 12, naye alikuwa na mbao mbili alizozichukua kwa deni. Moja urefu wake sentimita 252, na ya pili 180. Alikusudia kukata vikalio vya sentimita 40. Ubao wa kwanza ungalitoa vikalio 6 na kubakiza sentimita 12. Wa pili ungalitoa 4 na kubakiza 20. Jumla 10. Vigoda viwili vingalikosa vikalio, na fedha za ubao wa tatu hakuwa nazo.

Binti yake wa darasa la sita alikuwa akitazama. Akasema, "Baba, ngoja kwanza." Akatoa 180 katika 252, ikabaki 72. Akatoa 72 katika 180 mara mbili, ikabaki 36. Kisha 36 ikaingia katika 72 mara mbili kamili. "Kata sentimita 36, Baba." Vikalio 7 huku na 5 kule: 12 barabara. (Msumeno nao hula kidogo, kwa hiyo kila kikalio kilipungua milimita chache, mnunuzi hakulalamika.) Baba mtu akanyamaza kitambo, kisha akatoa penseli sikioni akampa binti apige mistari.

Njia hiyo ni ya kale sana. Euclid, mtaalamu wa Kiyunani aliyeishi Aleksandria katika Misri yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliiandika kitabuni. Jibu lake huitwa Kigawo Kikubwa cha Shirika.

Vigawe navyo vina kazi yake. Zamani masoko mengi ya Wakikuyu yalifanywa kila siku ya nne, na Jumapili huja kila siku ya saba. Basi soko likiangukia Jumapili, halitaangukia Jumapili tena mpaka siku 28 zipite, kwa kuwa 28 ndicho kigawe kidogo kuliko vyote ambacho 4 na 7 hushirikiana.

Tena ziko namba ziitwazo tasa, jina kali kidogo, zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mwenye miche 36 aweza kuipanda safu 4 za miche 9, au safu 6 za miche 6. Akiongeza mmoja tu, ikawa 37, haipangiki sawasawa ila katika safu moja ndefu mpaka mtoni. Huyo na ampe jirani yake mche mmoja.