Namba Moja, Skrini Tatu



Wahitimu, mnalijua neno “Nionyeshe meseji.” Mteja amelipa kwa M-Pesa, keshia anabonyeza kitufe cha kupakia upya, skrini imeganda na salio la zamani. Foleni inafika mlangoni.

Pesa hazijachelewa. Tangu Safaricom ifungue Daraja, lango lake la M-Pesa kwa waandishi wa programu, mwaka 2017, mfumo wake hutuma taarifa kwenye seva ya mfanyabiashara mara malipo yanapoingia. Habari imefika dukani, ikakwama hatua ya mwisho, kwa sababu mwandishi wa programu alijiwekea kazi ya kukumbuka: mauzo yakiingia, badilisha jumla, badilisha jedwali la bidhaa, badilisha dirisha la meneja. Akasahau moja. Sasa skrini tatu zinabishana kuhusu namba moja.

Dawa yake ni ya zamani kuliko nyinyi. Mnamo 1979, Mnorwe Trygve Reenskaug, akiwa Xerox PARC kule California, alitenganisha data na sura yake. Kwa utaratibu huo data hukaa mahali pamoja, na kila wijeti, yaani kila kipande cha skrini kinachoionyesha, hujiandikisha kwake. Data ikibadilika hutangaza, na kila aliyejiandikisha hujichora upya. Ni kama mweka hazina wa chama: mchango ukiingia anatangaza kwenye grupu, hakuna haja ya kila mwanachama kumpigia simu kila dakika.

Mtihani wenu, nadhani, uliishia hapo. Kazini kunaanzia hapo. Dirisha likifungwa bila kujiondoa kwenye orodha, data itaendelea kulitangazia, nalo litashikilia kumbukumbu ya mashine. Duka linalofunguliwa tangu alfajiri hadi usiku linaweza kuwa na kompyuta nzito kabla ya jioni. Tena taarifa za mtandao huingia kwa uzi mwingine wa programu, yaani mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na ule unaochora skrini. Katika Swing au JavaFX, zana za Java za kuchora skrini, msiguse wijeti kutoka huko. Ikabidhini kazi hiyo kwa uzi wa skrini. Mkipuuza hilo, programu itapita vizuri mbele ya mwalimu, kisha igome Jumamosi jioni, duka likiwa limejaa, na anayepigiwa simu ni wewe.