HOTUBA KWA WANACHAMA WA KOROGWE NA HANDENI: TUULIZE KABLA YA KUPIGA LIPU



Nataka kusema machache juu ya umeme wa nyumbani. Wengi wetu twajenga nyumba za kustaafia, hapa Korogwe na kule Handeni. Umeme si mgeni kwetu: mtambo wa Hale, katika wilaya hii, ulianza kazi mwaka 1964 kwa maji ya Mto Pangani, nao ulijengwa kutoa megawati 21. Tena tangu mwaka 2007 Wakala wa Nishati Vijijini umekuwa ukizipeleka nguzo mbali na mijini. Lakini nguzo zimetangulia, maarifa yamebaki nyuma.

Desturi ya wengi ni kumkimbia mkaguzi, kana kwamba amekuja kukamata. Kumbe ni mtumishi kama sisi, na swali la mapema humpunguzia kazi. Aitwapo mwisho hana la kufanya ila kukataa, na ukuta uliokwisha pigwa lipu huchimbwa upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi tujue wa kuulizwa. Kibali cha jengo, misingi na kuta ni shauri la halmashauri. Kuunga umeme ni shauri la TANESCO. Na fundi wa nyaya yampasa awe na leseni ya EWURA. Tumwombe atuonyeshe, wala asione kuwa ametukanwa.

Maswali yenyewe ni haya. Kwanza, unene wa waya: kwa kawaida taa hutumia milimita mraba 1.5 na soketi 2.5, na jiko la umeme hutaka waya wake mnene zaidi. Waya mwembamba uliobebeshwa mzigo mkubwa hupata moto ndani ya ukuta, mahali pasipoonekana. Pili, swichi: ikiwekwa kwenye waya usio wa moto, taa itazimika, lakini holda yake itabaki na umeme wa kuua. Tatu, waya wa ardhini: udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo iliyotosha bondeni Korogwe huenda isitoshe Handeni wakati wa kiangazi. Ipimwe kwa chombo, isikisiwe kwa macho.

Ushauri huo tuuombe ofisini, mchana, bila kutia kitu mkononi mwa mtu. Sisi tunaowahudumia raia tukianza kununua sahihi ya mkaguzi, tutakuwa tumenunua karatasi tu, na watoto wetu watalala chini ya nyaya zisizokaguliwa.