Kamanda, jifunze kuchomelea: niliyowaambia vijana wa tawi

(Haya ni maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana wa tawi letu, Mbagala. Waliokosa kikao wameniomba niyaweke hapa. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.)

 

Leo sikupangiwa kuzungumzia katiba wala tume ya uchaguzi. Nimepangiwa jambo moja: namna ya kununua mashine ya kuchomelea iliyotumika, na namna ya kujifunza kuitumia ukiwa nyumbani. Najua kuna mtu pale nyuma ameshaguna, "na huyu naye kaja na wimbo wa vijana mjiajiri." Basi ngoja tuanze na huyo.

Neno "jiajiri" tumelisikia mpaka limechuja. Mtu ana ofisi, ana gari na posho, anasimama mbele yako wewe uliyemaliza chuo mwaka wa tatu huu, anakwambia jiajiri. Akishapigiwa makofi anaondoka. Hakwambii kwa mtaji gani wala kwa umeme wa bei gani. Mimi silisemi neno hilo kwa maana yake. Ajira tutaendelea kuidai. Ninachosema ni kwamba anayedai huku ana ujuzi mkononi hanunuliki kirahisi. Wakati wa kampeni si mnajua kinachopita mitaani: kofia, fulana, sahani ya pilau na elfu tano ya mkononi. Kijana ambaye hajui jioni atakula nini, elfu tano hiyo ina uzito kwake, na mimi simcheki. Lakini kijana ambaye kesho ana geti la kumalizia, anaiangalia hiyo elfu tano na kujiuliza inanunua rodi ngapi.

Haya, twende kwenye mashine.

Yangu niliinunua Gerezani, kwa shilingi laki moja na themanini elfu, imeshatumika. Mtaani utakutana na aina mbili. Kuna transfoma, lile dude zito, mara nyingi limesukwa na mafundi wetu wenyewe hapa hapa nchini. Halibebeki na linakula umeme, lakini ni gumu kufa, na likifa fundi wa mtaani anaweza kulisuka upya. Halafu kuna inveta, ndogo, unaibeba begani kwa mkanda. Inatumia umeme kidogo zaidi na moto wake umetulia, kwa hiyo anayeanza anajifunza haraka. Ubaya wake ni vumbi, unyevu na umeme unaopanda na kushuka. Ikiungua kadi ya ndani, matengenezo yanaweza kukaribia bei uliyonunulia. Kwa nyumbani mimi nilichagua inveta.

Ukifika dukani usianze na bei. Anza na skrubu. Zikiwa zimechubuka vichwa, mashine imeshafunguliwa, na una haki ya kuuliza ilifunguliwa kwa nini. Inusie kwenye matundu ya feni. Harufu ya kuungua haifichiki hata wakipuliza rangi mpya. Washa, sikiliza feni inazunguka bila kukwaruza. Kisha angalia nyaya. Kwangua ncha ya waya kwa kisu: shaba ni nyekundu mpaka ndani, lakini kuna nyaya nyingi ambazo ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, ukikwangua inatoka nyeupe. Waya huo unapata moto mapema, na unakupunguzia nguvu kabla haijafika kwenye rodi.

Soma na bandiko la ubavuni. Ukiona ampea 160 na asilimia 60, maana yake ni kwamba kwa ampea 160 mashine inafanya kazi dakika 6 katika kila 10, zinazobaki inapumzika. Na mashine nyingi za bei ya chini zinajisifia bandikoni kuliko zinavyoweza. Kwa hiyo usiamini bandiko, amini moto. Mwambie muuzaji akupe rodi tatu nene za milimita 3.2, uzichome mfululizo mpaka ziishe, kabla hujatoa hela. Kama hujui kuchomelea, nenda na anayejua. Mimi nilikwenda na mzee mmoja fundi wa mtaani kwetu, nikamlipia nauli na chai. Mashine ya kwanza ilizima kwenye rodi ya pili. Mzee hakubishana na mtu, akasema "asante mwanangu," tukahamia duka la jirani.

La mwisho hapo: dai risiti yenye namba ya mashine. Vifaa vya mafundi vinaibiwa sana mjini hapa, na kukutwa na mali ya wizi ni kosa. Makamanda, sisi hatuna haja ya kuwaongezea polisi sababu ya kutukamata.

Sasa umeifikisha nyumbani. Kabla hujachoma chochote, ongea na mwenye nyumba na wapangaji wenzako, maana wengi wetu tunachangia LUKU moja, na LUKU imevunja urafiki mwingi kuliko siasa. Hesabu iko hivi. Rodi ya milimita 2.5 kwenye ampea 90 inavuta kutoka ukutani kama kilowati 2.7. Moto ukiwaka saa nzima bila kukatika, hiyo ni karibu uniti 3. Lakini hakuna anayechoma saa nzima bila kukatika. Unapima, unakata, unagonga magamba. Moto wenyewe unawaka labda theluthi ya muda, kwa hiyo saa moja ya kazi ni kama uniti moja. Waonyeshe hesabu hiyo, lipa chako mapema, au funga mita yako ya pembeni. Na kama nyumba iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, jua kwamba ukiwavusha pale watahamishiwa bei ya juu, na lawama zote ni zako.

Soketi ya ukutani ya ampea 13, kwa volti 230, inabeba kama wati 3,000. Ukipandisha mashine mpaka mwisho, soketi inayeyuka. Waya wa kurefushia ule mwembamba wa televisheni usiuguse, na waya wowote ukiuacha umeviringika wakati wa kazi unajipika wenyewe. Mtafute fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini yake peke yake. Hapo usibanie hela.

Mwili wako sasa. Nasema haya kwa ukali kwa sababu mtaani tunayachukulia mzaha. Miwani ya jua haizuii mwanga wa kuchomelea. Unahitaji ngao ya uso yenye kioo namba 10 au 11. Ukichoma bila kioo mchana husikii kitu, usiku wa manane ndiyo unaamka macho kama yamejazwa mchanga. Mtoto anayesimama kukuangalia naye anaungua vilevile, kwa hiyo weka pazia la turubai au mabati.

Moshi je? Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa kuchomelea mwaka 2017 kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mafundi wetu wanakunywa maziwa wakiamini yanasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni, moshi unakwenda kwenye mapafu. Fanyia kazi nje, upepo ukutokee ubavuni. Mabati na mabomba yenye zinki yanguliwe zinki kwanza, la sivyo jioni utatetemeka homa ukadhani ni malaria. Pipa au tangi lililowahi kuwa na mafuta usilichome kabisa, hata kama limekaa mwaka mzima. Linalipuka. Vaa viatu vya kufunika na suruali ndefu ya pamba. Na fulana zetu hizi za kampeni, makamanda, nyingi ni poliesta. Cheche ikitua inayeyuka na kushikana na ngozi. Chama kipende, lakini siyo wakati wa kuchomelea.

Kujifunza kwenyewe hakuna siri. Nenda kwa wauza skrepa, nunua vipande vya chuma cha milimita 3 au 4. Usianze na zile bomba za mraba nyembamba za madirisha, utatoboa matundu mpaka ukate tamaa. Rodi ya kuanzia ni ya 2.5 iliyoandikwa 6013. Zifungie kwenye kopo lenye mfuniko, maana rodi yenye unyevu inatapika. Safisha kutu, bana ethi kwenye chuma chenyewe kilicho safi, weka ampea 70 mpaka 90. Washa kwa kukwaruza kama kiberiti. Ikiwaka, umbali kati ya ncha ya rodi na chuma uwe sawa na unene wa rodi yenyewe, ncha ya rodi ielekee kidogo unakotoka, kisha vuta polepole. Sikio litakuongoza: moto sahihi unalia kama samaki kwenye mafuta ya moto. Jicho lisiangalie mwanga, liangalie kile kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka. Hicho ndicho unachokiongoza.

Wiki mbili za kwanza mimi nilichora mistari tu, mstari juu ya mstari, hakuna geti wala dirisha. Baada ya hapo unasimamisha kipande kimoja juu ya kingine, unachoma upande mmoja tu, unaacha kipoe, halafu unakipiga nyundo mpaka mshono ufunguke. Tazama ndani. Ukiona matundu, au magamba meusi yamezama, au kipande kimoja kimebanduka kisafi bila kuchukua nyama ya mwenzake, bado hujaiva. Na mpaka mishono yako ishinde nyundo, usipokee hela ya mtu. Geti linaning'inia juu ya watoto. Tunaolalamika kila siku kuhusu miradi ya hovyo hatuwezi kuuza mshono wa hovyo.

Ndugu zangu, siasa iko wapi hapa? Iko kila mahali. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024. Kwa muda wote huo kikundi cha vijana kilichotaka grenda na mashine kilielezwa kisubiri. Sheria ya manunuzi nayo inatambua fungu la asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo. Madawati ya shule ya kata hii ni chuma na mbao. Nani aliyatengeneza? Hilo ni swali la kumuuliza diwani hadharani, na anayeuliza akiwa na mikono yenye makovu ya cheche anajibiwa tofauti na anayeuliza kwa kusikia redioni.

Tena mlio mtaani miaka mingi bila cheti, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Unapimwa kwa unachoweza, unapata cheti. Ulizeni ada na tarehe, nendeni. Bila karatasi hiyo zabuni nyingi zitakupita, na utabaki kuwa kibarua wa aliyeshinda.

Mimi sijawa tajiri. Nina mashine moja, ngao moja na wateja wa mtaani wanaolipa nusu nusu. Lakini kodi ya chumba nalipa, na nikisimama kwenye mkutano kusema la kusema, hakuna bosi wa kunipigia simu jioni. Huo ndio uhuru nilionao kwa sasa, nao umenigharimu laki moja na themanini, skrepa, na uvumilivu wa mama yangu na kelele za nyundo.

Jumamosi saa tatu asubuhi tukutane kwangu, nyuma ya nyumba. Ngao ipo moja, nyingine tutaazima kwa mzee. Njooni na vipande vya skrepa, viatu vya kufunika na suruali ndefu. Akina dada msibaki nyuma, mkono unaotulia kwenye sindano unatulia na kwenye rodi. Atakayekuja na ndala nitamkalisha pembeni ahesabu uniti za LUKU.