Dawa ya Choa na Sugu: Namna ya Kuitumia Bila Kujidhuru



Leo nataka kusema nanyi juu ya dawa moja ya kupaka iliyo rahisi kwa bei, ambayo imewaponya wengi na kuwachubua wengine. Dawa hiyo ni marhamu yenye asidi ya salisili.

Yafaa kwanza tujue kazi yake. Ngozi yetu kwa juu ina tabaka gumu lililokwisha kufa. Asidi hii hulilainisha tabaka hilo hata likabanduka kidogo kidogo. Kwa hiyo mwenye sugu mguuni hupunguziwa unene ule, na mwenye choa huondolewa magamba ambamo kuvu iletayo ugonjwa hukaa. Kwa ajili ya choa, daktari wa ngozi wa London, Arthur Whitfield, alichanganya sehemu 3 kwa mia za asidi ya salisili na sehemu 6 kwa mia za asidi ya benzoiki, na hata leo marhamu hiyo huitwa kwa jina lake. Hupakwa mara mbili kwa siku, juu ya ngozi iliyooshwa na kukaushwa vizuri, nayo yataka subira ya majuma kadhaa. Wengi huiacha siku ile mwasho unapotulia. Choa hurudi, nao huilaumu dawa.

Lakini dawa zote zenye asidi hii hazina nguvu sawa. Dawa ya chunjua huweza kuwa na sehemu 17 kwa mia, na plasta ya sugu hata 40. Nilipokuwa mvulana shuleni, nilishikwa na choa shingoni. Mwenzangu wa bwenini akanipa dawa yake ya chunjua. Nilipaka usiku, ikaniunguza, nami nikafurahi, kwa kuwa sote tuliamini kwamba dawa iwashayo ndiyo iponyayo. Nikapaka tena na tena. Siku ya tatu sikuweza kufunga kifungo cha shati, na kovu lake ninalo hata sasa, pana kuliko choa chenyewe.

Moto ule haukuwa dalili ya kupona. Ilikuwa ngozi nzima inayoliwa. Mwasho mdogo si ajabu, lakini ukiona malengelenge au wekundu unaoenea, acha dawa mara moja, ukaoshe mahali pale kwa maji na sabuni. Kabla ya kununua, soma tarakimu iliyoandikwa kwenye kopo, au mwombe mwenye duka la dawa akusomee. Hapana aibu katika kuuliza.

Hatari iliyo kubwa zaidi haionekani juu ya ngozi. Asidi hii hupenya ikaingia damuni. Mtu mzima akipaka mahali padogo hapati neno. Bali mtoto mchanga akipakwa mwili mwingi, kisha akafunikwa nguo, aweza kudhurika kwa sumu yake. Hutapika, hupumua upesi upesi, tena huzubaa. Mtu mzima aliyezidisha husikia masikio yakivuma. Akina mama, msimpake mtoto aliye chini ya miaka miwili pasipo shauri la daktari, na mkiziona dalili hizo mpelekeni hospitali bila kungoja asubuhi.

Mwenye ugonjwa wa kisukari asijitibu sugu za miguu, kwani kidonda chake hakifungi upesi. Chunjua za uso na za sehemu za siri ni kazi ya mganga wa hospitali. Choa cha kichwani kwa watoto nacho hutaka vidonge, maana kuvu imekwisha kuingia ndani ya nywele.

Na kama una baka lililopauka, liguse kwa ncha ya pamba hali umefumba macho. Usiposikia kitu, weka marhamu kando uende zahanati siku hiyo hiyo. Huenda ukawa ni ukoma, ambao huponywa kwa vidonge vitolewavyo bure, na kila juma unalolipoteza kwa kupaka, mishipa ya fahamu yazidi kuharibika.