Nani Kasema Mama wa Kijijini Hajui?

Hivi karibuni nilikuwa kijiji kimoja wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, nikifuatana na vijana wawili waliotumwa kupima ujuzi wa akina mama katika kuhifadhi nafaka baada ya mavuno. Walibeba karatasi za maswali, na pembeni visanduku viwili: anajua, hajui.

Mama mmoja wa makamo aliulizwa anapimaje unyevu wa mahindi kabla ya kuyaweka ghalani. Akachukua punje, akaibana kwa jino. Ikapasuka. “Haya yamekauka, mwanangu. Yangekuwa mabichi yangebonyea.” Kijana akatia alama: hajui. Karatasi yake ilitaka asikie asilimia 13.

Kwa kweli nilikereka. Mama huyo alituonyesha mbegu zake za mtama juu ya jiko, moshi ukizikinga na wadudu. Alitueleza kuhusu dumuzi, yule mdudu aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, mara ya kwanza katika Afrika. Tangu aingie dumuzi, alisema, kuweka mahindi na magunzi yake ni kumwandalia karamu. Lazima uyapukuchue mapema, uchanganye na dawa ya unga. Hakuna aliyemfundisha. Alifundishwa na hasara.

Lakini nisiwapambe akina mama kupita kiasi. Lipo jambo ambalo jino haliwezi kulipima, nalo ni sumukuvu. Ukungu wenyewe huenda ukauona, lakini sumu yake haionekani, haina ladha, na kuipika hakuiondoi. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 ikaua watu huku huku Dodoma, na Manyara. Nilipomwuliza mama yule juu ya mahindi yenye ukungu, alijibu bila wasiwasi: yanaoshwa, yanaanikwa tena, yanasagwa. Yaliyooza kabisa wanapewa kuku. Na kuku nao hudhurika, kisha sisi wa mjini tunakuja kununua mayai.

Je, hakupata kuelezwa? “Semina ilikuja,” akasema. “Waliita wakuu wa kaya. Mume wangu alikwenda, akarudi na kalamu na kofia.”

Mahindi yake yalikuwa yameanikwa kwenye udongo mtupu, mahali ambapo ukungu hupenda. Nikamwuliza kwa nini hatumii turubai. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. Turubai analijua, na ubora wake anaujua. Ila mahindi yakishauzwa, fedha haipiti mkononi mwake.

Jioni tukiwa garini nilimwuliza kijana kama karatasi yake ina mahali pa kuandika habari ya turubai. Akaipekua mbele na nyuma. Hapakuwapo.